Somo la Woga

Chui alipomwona mlishaji wake, akaja mbio kusugua shavu kwenye wavu wa banda.

"Dada, kesho tunamrudisha porini," daktari wa wanyama akasema. "Akimkimbilia mtu hivi huko, atapigwa risasi. Leo lazima akuogope."

"Daktari, nimemlea kwa chupa tangu mlipomtoa kwa wawindaji. Nianzie wapi?"

"Popote."

Mlishaji akashusha pumzi. Mgongo ulikuwa ukimuuma tangu asubuhi. Akaokota mpira wa kuoshea banda, akafungulia maji yote, akamlenga chui usoni.

"Toka! Nenda zako, mshenzi wewe!"

Chui akarudi nyuma, masharubu yakichuruzika maji. Akamtazama.

Kisha akasogea tena, akafumba macho, akafungua kinywa, akanywa.