Muhuri wa Karani Nguchiro

Zamani wanyama walipokuwa na mahakama yao, mpangaji hakufukuzwa shimoni mpaka amri isajiliwe na karani Nguchiro. Naye Nguchiro hakusoma kitu. Aligonga muhuri tu.

Siku moja Ngiri, mwenye mashimo yote ya bondeni, alileta amri. Mpangaji wake Nungunungu akamfuata na watoto wanne.

“Karani, isome kwanza mpaka mstari wa mwisho. Sikuitwa mahakamani hata siku moja.”

“Mama, kusoma ni kazi ya hakimu. Mimi ni wa muhuri,” akasema Nguchiro, akagonga.

Kesho yake Nyegere, dalali wa mahakama, akawatupa Nungunungu na wanawe nje mvuani. Kisha akaenda kwenye shimo lililotajwa mstari wa mwisho. Lilikuwa la Nguchiro, ambaye naye alipanga kwa Ngiri.

“Sikuitwa mahakamani mimi,” akalia Nguchiro. “Hebu isome vizuri.”

“Kusoma si kazi yangu,” akasema Nyegere. “Muhuri huu hapa.”

Nguchiro akaketi kwenye tope, kando ya watoto wa Nungunungu waliokuwa wakitetemeka. Hapo ndipo alipoisoma amri ile, mstari kwa mstari.