Hodi ya Pili

"Nimesema toka!"

"Mama, nisikilize kidogo tu, huyu mtoto—"

"Amelala! Huoni amelala?"

"Hajalala, amechoka kupumua! Tazama kifua kinavyobonyea, tumpeleke kliniki sasa hi—"

"Kwani wewe ni daktari? Nakuuliza! Ni daktari wewe?"

Nyuma ya darasa mtu aliangua kicheko, akajiziba mdomo. Mwalimu akakohoa. Huu ulikuwa mtihani wa mwisho wa mafunzo ya wahudumu wa afya wa mtaa: mmoja anaigiza mhudumu, mwingine anaigiza mama mbishi, waliobaki wanakodoa macho. Viti viwili vya plastiki ndiyo nyumba. Ubao ndio mlango.

Mhudumu alikuwa Mzaha, na jina hilo hakulipata bure. Tangu siku ya kwanza aliwaambia wenzake kwamba mafunzo haya ni ya kunywa soda na kupigwa picha. Alishazunguka nyumba za watu miaka na miaka, anagawa vyandarua na dawa za kuhara, bila kufundishwa na mtu namna ya kuingia. "Hodi nayo ina somo?" aliuliza siku mwalimu alipoandika ubaoni hatua za kutembelea nyumba. Darasa zima likavunjika mbavu.

Lakini sasa, kama ilivyo mitaa mingine, asiye na cheti habishi tena hodi mlangoni kwa mtu. Na Mzaha hakuwa na kazi nyingine. Leo utani wote aliumeza.

Halafu mwalimu, kati ya watu wote, akampangia Bi Kimya.

Bi Kimya haongei. Siku ya kujitambulisha, wenzake walipokuwa wakisema nimekuja kusaidia jamii, nimekuja kuongeza ujuzi, yeye alisema, "Nimekuja kusikia mnafundishwa nini," akaketi. Tangu hapo kimya. Mzaha alipoona wamepangwa pamoja alishukuru moyoni. Huyu atanibishia nini?

Kumbe!

"Dada yangu," Mzaha alisema, akishusha sauti kama kitabu kilivyoagiza, "najua una hofu."

"Hujui kitu. Baba yake kasafiri, simu haipatikani. Nimtoe mtoto kwenye baridi hii, likitokea la kutokea nimwambie nini mwenyewe?"

Kwenye kadi ya igizo hapakuwa na baba. Hapakuwa na baridi. Kadi iliandikwa tu: mama anakataa. Hata mwanasesere aliyeletewa na mwalimu, Bi Kimya alimkataa. Aliukunja mtandio wake mwenyewe, akaulaza begani, kiganja kimoja kikishika mahali ambapo shingo ingekuwa.

Ananikomoa, Mzaha aliwaza. Juzi alikuwa amemwuliza mbele ya watu kama ulimi aliusahau kwao. Sasa ndiyo analipiza, tena siku ya mtihani.

"Basi twende wote, mama. Mimi nitambeba."

"Jana tu alikuwa anacheka," alisema Bi Kimya. "Atakunywa uji, atalala, ataamka mzima. Mwacheni mwanangu apumzike!"

"Huyo mama moto!" mtu alinong'ona nyuma. "Apelekwe kwenye sinema!"

Jasho lilimtiririka Mzaha mgongoni. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamekwisha. Yakabaki ya kitabu. Hatua ya mwisho aliikumbuka vizuri: mama akikataa kabisa, usigombane naye, maana ukigombana naye leo, kesho hakufungulii. Mheshimu, aga, ahidi kurudi.

"Sawa, mama," alisema kwa upole. "Uamuzi ni wako. Nitapita kesho asubuhi nimwangalie."

Kwa mara ya kwanza Bi Kimya alimtazama usoni, akamkazia macho mdomoni, kama anayesubiri neno jingine litoke. Halikutoka. Mzaha alizunguka ubao, akawa yuko nje.

Makofi yakalipuka.

"Hatua zote!" mwalimu alisema. "Hata moja hakuruka. Mmeona faida ya kufundishwa? Zamani huyu angebishana na mama wa watu mpaka majirani wajae mlangoni. Cheti chako hicho, Mzaha."

Mzaha alitokeza kichwa pembeni ya ubao, mikono juu kama mwanamuziki. "Si niliwaambia mimi? Hodi ina somo!" Darasa likacheka. Akamgeukia Bi Kimya, moyo umetulia, hata kinyongo kimeyeyuka. "Na wewe dada, ulitaka kunizika mzima mzima. Haya inuka, igizo limekwisha, wenzetu wanasubiri kiti."

Bi Kimya hakuinuka. Kiganja chake kilikuwa bado kinaupapasa ule mtandio, taratibu, juu na chini.

"Mwalimu," alisema, sauti yake imerudi kuwa ile ndogo. "Mwambie abishe hodi tena."

"Ya nini tena, mama? Mwenzako ameshafaulu."

"Mhudumu aliyekuja kwangu naye alisema kesho." Akausogeza mtandio karibu zaidi na shavu. "Naomba arudi. Na safari hii nikimfukuza, asiondoke."