Kuziba Bafu Siku ya Safari

Chupa ya silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa, ilikuwa imebaki nusu, na nusu iliyotoka ilikuwa kila mahali isipokuwa pale ilipotakiwa. Ilikuwa kwenye viwiko vya mama aliyepiga magoti bafuni, kwenye nywele, kwenye mfuniko wa choo, na ukutani ilikuwa ikishuka taratibu kama uji uliomwagika. Ufa wenyewe, ule wa pembeni pale vigae vinapokutana na sakafu ya bafu, ulikuwa bado wazi. Aliyemwona angeapa kwamba hajawahi kushika bunduki ya silikoni maishani mwake.

"Shemeji," sauti ya mdogo wa mumewe ilimfikia kutoka sebuleni, "saa nane kasoro robo."

"Nasikia."

"Gari linafika saa nane."

"Nimesikia, shemeji."

Mumewe alikuwa mlangoni mwa bafu, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa kichwa chini. Ni mkewe aliyemshika mkono akamleta, akamkalisha hapo uso ukimwelekea. Mwezi wa tano huu tangu atoke hospitali, na hajatamka neno, si la heri si la shari. Daktari aliwaambia ulimi ni mzima na mikono ni mizima, ila mwenyewe bado hajarudi. Ukimpa kijiko anakishika, ukimnyang'anya anakiachia.

Shemeji, mdogo wake mumewe, alivumilia mpaka akachoka. Akatafuta nyumba ya kutunzia watu wa namna hiyo, mwendo wa siku nzima kwa gari. Hakuwa mtu mbaya. Mara mbili alisema mbele ya ukoo kwamba kaka yake akitamka neno moja tu, hata liwe tusi, hamwondoi mtu nyumbani kwake. Neno hilo halikuja. Leo ndiyo leo, na mke wa mtu yuko magotini bafuni, anapigana na ufa.

Shemeji alikuja kuchungulia. Akatazama ukuta, akatazama sakafu, akamtazama mama aliyepakaa silikoni mpaka kwenye nyusi.

"Leo ndiyo siku ya kuziba bafu?" aliuliza.

"Maji yanapita."

"Hata ukiliziba, si mpaka kesho likauke? Ataoga nani?"

Mama aliendelea kufinya.

"Nguo zake umeweka?"

"Zimo."

"Na dawa?"

"Na dawa zimo," alisema.

Shemeji alishusha pumzi akarudi sebuleni. Hakuwa na moyo wa kuendelea kutazama.

Mama alichukua kisu, akaukata upya mdomo wa chupa, chini kabisa, mpaka tundu likatosha kidole gumba. Akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa anaangalia kitu kisichokuwepo, shibiri moja juu ya kichwa cha mkewe. Mama akaumwagia ufa kopo la maji kuondoa uchafu, na bila kufuta wala kungoja akafinya silikoni juu ya maji yale yale. Ikaelea, ikateleza, ikaenda zake kwenye tundu la kutolea maji. Akamtazama tena. Kimya.

Akajaribu kulainisha kwa kidole kikavu. Utepe wote ukanata kwenye kidole na kunyanyuka nacho, mrefu, mweupe, ukining'inia.

"Naharibu," alimwambia. "Unaona ninavyoharibu?"

Jicho la mumewe lilipepesa, lakini hata nzi akipita jicho hupepesa. Hapo machozi yakamtoka. Alilia kweli, bila aibu, huku akifinya bunduki kama mtu anayekamua nguo, na silikoni ikitoka vitonge vitonge juu ya vigae vilivyolowa. Usiku wa kuamkia leo hakulala. Alijiambia kwamba likishindikana hili, hana lingine tena, na kitanda kile atakilalia peke yake mpaka azeeke.

Honi ililia nje. Mara moja, halafu mara mbili.

"Shemeji," nyayo zilikuwa zinakuja, na kishindo cha begi likiburutwa sakafuni. "Njoo tumwinue. Dereva hangoji."

"Dakika moja."

"Hiyo dakika umeiomba tangu asubuhi."

"Moja tu, nakuomba."

Aliangaza macho huku na huku. Silikoni ilikuwa imekwisha. Ukutani ilikuwa bado mbichi, haina hata dakika kumi. Akasimama na nguo zake zote mwilini, akafungua bomba la mvua mpaka mwisho.

Maji yalishuka kwa nguvu, yakammwagikia kichwani, yakauchukua ule uchafu mweupe na kuusambaza sakafu nzima. Akafumba macho. Hakutaka kuona ndoo ile ikiwa tupu, wala yule mwenzake akiongozwa mlangoni kama mgeni aliyepotea nyumba.

Kisha maji yakakatika. Mkono ulikuwa umepita juu ya bega lake na kulifunga bomba. Alidhani ni wa shemeji, mpaka mkono huo uliposhuka ukamtoa bunduki vidoleni, ukaipangusa kwenye suruali.

"Miaka kumi na sita tunaziba mabafu ya watu, mimi na wewe," mumewe alisema, kwa sauti iliyoota kutu, "na hata siku moja hujapaka juu ya maji." Akainama, akapitisha ukucha kwenye ufa, akakunja uso. "Na silikoni yangu nani kaikata? Ilikuwa nzima."

"Mimi," mkewe alisema. "Alfajiri. Kwa kisu chako."