Bango la Mzee Marino

Jovia alinawa mikono tena kabla ya kuigusa ile picha ya mzee aliyoletewa, kana kwamba bado yuko wodini. Akaiweka mezani, akainuka, akaenda mlangoni, akarudi.

Alimjua mzee Marino. Mwaka jana, alipokuwa nesi katika hospitali moja mjini Arua, alimuuguza kwa wiki nyingi. Asubuhi moja aliingia zamu akakuta kitanda cha mzee kitupu, godoro limeanikwa juani. Hakuuliza. Alikuwa amechoka kuuliza. Juma lile lile akaacha kazi, na sasa alibuni mabango na kadi katika kiduka chake cha mtaani Mvara.

"Mimi Linda, binti yake," alisema msichana aliyeleta picha. "Bango ni ya misa, Jumamosi, kwetu Koboko. Mzee alisema mutu wa kutengeneza lazima ni wewe."

Jovia akauliza, "Alinitaja?"

"Sana, Sista. Weka rangi ya manjano mingi. Anapenda hiyo."

Anapenda. Jovia aliwasikia wengi wodini: ulimi wa mfiwa huchelewa kusema "alipenda".

"Na maneno?"

"Andika wewe. Ile taabu yake unajua kuliko sisi."

"Pole sana, Linda."

"Asante. Ilikuwa ngumu, lakini Mungu iko."

Tangu hapo Jovia hakutulia. Alichagua herufi, akafuta, akaanza upya. Aliikimbia wodi ili asitazame tena sura kama hizi, na sasa sura ya mzee ilimkodolea macho kutoka kwenye kompyuta, kubwa, yenye tabasamu. Mama yake alipita kumsalimu, akaitazama kazi, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, si bora ungebaki nesi tu?"

Jovia akaongeza rangi ya manjano.

Ijumaa umeme ulikatika Mvara kutwa nzima. Uliporudi asubuhi ya misa, Jovia alichapa bango mbio mbio, akalikunja likiwa bado linanuka wino, akaomba nafasi kwenye lori lililokuwa linaelekea Oraba kupitia Koboko. Njia nzima alijisogeza huku na huku kitini, bango mapajani, akijiuliza kama maneno yale yanatosha: *Pumzika kwa amani, baba yetu.*

Koboko alikuta turubai, viti vimejaa, masufuria yanafuka moshi. Linda alimkimbilia.

"Bango iko? Watu wote wanangoja!"

Akamshika mkono, akamvuta katikati ya watu hadi mbele aliposimama padri. Jovia aliinamisha kichwa. Hakutaka kuliona kaburi.

"Leta, Sista, tushukuru Mungu," ilisema sauti aliyoifahamu.

Mzee Marino, mashavu yamejaa, alilipokea bango kwa mikono miwili, akawageukia watu, akaanza kulikunjua.