Kiapo cha Umm Ghaib

Rudaina alibana kipande cha ndimu kavu shavuni. Bila uchachu ule angetapika mbele ya kadhi. Tangu Salman afe, hofu ilikuwa imemhamia tumboni.

Mashahidi wawili walikwisha sema yao: ndiyo, Salman aliwaita akiwa na akili timamu, akausia nyumba yake ya mjini Zubeir apewe Rudaina, mtalaka wake, aliyemwacha yapata mwaka sasa kwa kuwa hakumzalia. Lilibaki jambo moja tu, nalo Badria, mke mdogo, alilishikilia kufa kupona.

"Alimrejea kisirisiri kabla eda haijaisha!" alisema. "Mtaa mzima unanong'ona. Basi huyu ni mke, ni mrithi kama mimi, na hakuna wosia kwa mrithi. Nyumba iuzwe, kila mtu achukue fungu lake."

Kadhi alimgeukia Rudaina. "Binti yangu, alikurejea?"

Rudaina aliifikiria nyumba ile, kisima chake, mtende alioupanda kwa mkono wake. Wazazi hana, ndugu hana. Wakiiuza, atalala wapi? Fungu lake halingetosha hata kununua banda la mbuzi.

Akaweka mkono juu ya msahafu.

"Wallahi, tangu siku aliyoniacha, Salman hakunigusa."

Kadhi akauthibitisha wosia.

Mlangoni, Badria alikuwa akimngoja. "Hongera, Umm Ghaib," alisema. Ndivyo walivyowaita pale wanawake wasiozaa: mama wa asiyekuja. "Ibebe mgongoni hiyo nyumba yako, uibembeleze. Labda itakuita mama."

Rudaina alimpita, akatoka nje. Ndimu ilikuwa imekwisha mdomoni, na harufu ya samaki wa kuchoma ilimfikia kutoka sokoni. Alishika ukuta, akachuchumaa, akatapika.

Khala Nashmia, mkunga wa mtaa, alikuwa akipita. Alimwinua, akamfuta uso, akamgusa tumbo chini ya kitovu. Akaligusa tena, safari hii taratibu.

"Nilidhani ni hofu, Khala," Rudaina alisema.

"Hofu haina kichwa, mwanangu." Mkunga alishusha sauti. "Miaka yote hii! Mimba ni ya nani?"

Rudaina alifungua mdomo, huku machozi ya furaha yakimtoka, aseme ni ya Salman, nani mwingine. Kisha akamwona Badria, bado amesimama mlangoni kwa kadhi, ametega masikio.