Kisu Kisichonolewa

Chilumba alisimama dukani, vidole vimevimba kwa baridi yabisi, akikitazama kisu kipya cha kuchunia. Swala wa juzi alimshinda. Kisu chake kilikuwa butu, maana vidole havikuweza tena kukinoa vizuri, jua likapanda angali anachuna, nyama ikaharibika. Kibali chake cha kuwinda kilikuwa kimebakiza mnyama mmoja tu.

"Wembe ukichoka, mzee wangu, unauchomoa, unapachika mwingine," alisema Zubeda, mwenye duka. "Habari ya kunoa imekwisha. Hata kwa vidole hivyo vya mihogo utaweza."

Chilumba alitabasamu, akajaribu. Wembe ulitoka, mwingine ukaingia, wala vidole havikumuuma.

"Nikufungie?"

Chilumba alikigeuza kisu mkononi. Mkewe, Namsifu, alikuwa haoni. Kila alfajiri ya kuwinda, aliposikia kisu kikinolewa jiweni, aliamka mwenyewe, akapapasa ukuta hadi mlangoni, akamwekea mumewe mkono kichwani na kumwombea.

"Hiki hakina sauti," alisema. "Mke wangu atajuaje kama naondoka?"

"Si umwamshe tu?"

"Miaka arobaini sijawahi kumwamsha. Huamka mwenyewe."

Zubeda hakutania tena. Alikifunga kisu kwenye gazeti, taratibu.

Alfajiri, kisu kipya kikiwa tayari mkobani, Chilumba aliketi kizingitini na kile cha zamani. Alikisugua jiweni mara moja, akangoja maumivu yapoe, akasugua tena. Kisha akatega sikio ndani, kusikia kama kuna kiganja kinachopapasa ukuta.