Bendera ya Mzee Guo

"Wallahi, kweli tupu! Nikidanganya, kahawa ya baraza zima juu yangu," aliapa Mzee Guo, aliyefukuzwa China kwa kuipinga serikali. "Bendera ya chama kile kinachotawala China sijapata kuishika hata siku moja!"

Mkewe, Bi Meilan, aliyekuwa akipita kutoka sokoni, akachomoa picha kuukuu kwenye pochi. Kijana amebebwa mabegani, anapeperusha bendera hiyo hiyo ya chama, mdomo wazi kwa shangwe.

"Na huyu niliyeolewa naye ni nani?"

Baraza likaangua kicheko. "Umeumbuka, shujaa!"

Guo akaitazama picha, kisha akatoa kifua mbele. "Ni mimi. Niliishangilia mpaka koo likakauka. Nilipoona viongozi wa chama wanayowatenda watu, nikawapinga kwa koo hilo hilo. Haya, muuza kahawa, wamiminie wote!"

Akaiegemeza picha kwenye sahani ya kashata. Vikombe vikazunguka, na yule kijana wa pichani akiendelea kushangilia.